Chungu Chenye Mshono

Jumapili, 2 Machi

Leo imeamuliwa: baba atajengewa chumba chini, nyuma ya jiko. Ngazi zimemshinda. Juzi alianguka akiwa karibu kufika sakafuni, akakaa palepale kutusubiri, na tulipomkuta akasema alikuwa anakagua kazi ya fundi. Fundi wa ngazi hizo ni yeye mwenyewe, enzi za useremala wake.

Mdogo wangu ni mwashi, kwa hiyo hatuhangaiki kutafuta mtu. Anasema akianza wiki hii atakuwa ameezeka kabla mvua hazijakolea. Mkewe alikuwa anakunja nguo. Alisema "Sawa," basi. Ndivyo wifi yangu alivyo tangu mwaka jana, walipompoteza mtoto aliyezaliwa hana pumzi. Mimi nilimlilia mtoto yule hadharani kuliko mama yake. Sijui kama mle ndani mna moyo au kabati lililofungwa ufunguo ukapotea.

Shajara hii nimepewa na muuza nyuzi, zawadi ya wateja. Nitaandika miguu ikichoka kukanyaga cherehani.

Jumatano, 5 Machi

Wameanza kuchimba msingi. Vumbi limeingia mpaka kwenye sare za shule ninazoshona. Mawingu yanakuja, yanatuchungulia, yanaondoka.

Ijumaa, 7 Machi

Leo jembe la mdogo wangu limegonga chungu.

Hakushtuka. Udongo wa kwetu una kila takataka, alisema, akavirusha vigae pembeni pamoja na mawe. Baba alikuwa ameketi mlangoni kwenye kiti chake, akaomba aletewe kimoja. Akakigeuza, akakifuta kwa kidole, kidole kikatoka cheusi.

"Masizi haya," alisema. "Huyu mtu alikuwa anapika."

Mdogo wangu akasema hata yeye angependa kupikiwa, kama kuna mtu anakumbuka kwamba wachimbaji hula. Tukacheka. Wifi akaleta chakula, akaweka sinia chini, halafu badala ya kurudi jikoni akashuka mtaroni na viatu vyake vya ndani. Akainama. Akaanza kuondoa udongo kwa mkono, taratibu, kama mtu anayemfuta mgonjwa uso. Kulikuwa na chungu kingine, kizima, kimeinama kidogo. Na ukingo wa kingine nyuma yake.

Mumewe alimwambia atoke, kazi inachelewa. Alitoka.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeshona kola tu. Hakuna jipya.

Jumatatu, 10 Machi

Kuna jipya. Asubuhi kaja mama mmoja wa makumbusho, kofia pana, suruali yenye mifuko mingi kuliko koti la fundi saa. Amesema amepigiwa simu kuhusu vyungu. Tukatazamana. Mdogo wangu akanitazama mimi, mimi nikamtazama baba, baba akatazama dari. Wifi ndiye aliyesema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba ni yeye aliyepiga.

Yule mama akashuka mtaroni, akakaa humo muda mrefu, na alipopanda alikuwa na adabu ya daktari mwenye habari mbaya. Vyungu ni vya zamani sana, watu waliviacha hapa vizazi na vizazi kabla yetu. Si hazina, alisema, ni vyombo vya jikoni vya watu wa kawaida, na ndiyo maana anavitaka, kwa sababu vya wakubwa anavyo tele. Anaomba tusimamishe ujenzi. Kwa muda gani, hakusema.

Mdogo wangu alifunga mlango wa nyuma kwa kishindo mpaka sahani zikaongea kabatini. Hata mimi nilikasirika. Baba analala sebuleni kwenye kochi fupi, miguu inaning'inia, na huyu mwanamke asiyezungumza na mtu, siku anaamua kuzungumza anazungumza na makumbusho.

Jumatano, 12 Machi

Joto la kuchemsha maji. Mvua bado. Yule mama anafagia udongo kwa brashi ndogo kutwa nzima. Baba amembatiza Mama Brashi. Naye ameitika.

Jumamosi, 15 Machi

Nilikwenda kumpelekea chai Mama Brashi ili nimuulize atamaliza lini. Badala yake nimekaa naye mpaka chai ikapoa.

Kile chungu kizima si kizima. Kina ufa toka mdomoni mpaka tumboni, na kila upande wa ufa kuna matundu madogo, moja huku, mwenzake kule, yamepangwa sawasawa. Mama Brashi akaniambia ameshaona mengi ya namna hii. Chungu kikipasuka, mwenyewe alikuwa anakitoboa polepole, anapitisha kamba au mshipa wa mnyama, anakaza, anaziba kwa utomvu. Kamba imeoza zamani. Matundu yamebaki.

Nikabaki nimetumbua macho. Ule ni mshono. Mimi nimeshona maisha yangu yote, nimetia viraka suruali za watoto ambao sasa wana watoto, na hapa kuna mtu aliyekishona chungu kwa sababu alikuwa hana kingine, au alikuwa nacho lakini alikipenda hiki. Tundu moja limekwenda upande kidogo. Nadhani aliitwa katikati ya kazi. Mtoto alilia, au kitu kilikuwa kinaungua.

Baba anasema siku wakichimba jikoni kwetu watakuta mifuniko ya plastiki isiyo na vyombo vyake, na wataandika kwamba tulikuwa tunaiabudu.

Jumanne, 18 Machi

Wamegombana, mdogo wangu na mkewe, jikoni, mlango wazi. Au niseme yeye amegomba na wifi amesikiliza. Alimwambia kwamba baba anapata kikohozi kwenye kochi kwa ajili ya vigae. Alimwambia watu waliokufa hawana haraka, ila walio hai wanayo. Akasema Jumatatu ijayo anamwaga zege, Mama Brashi atake asitake.

Wifi alikuwa anaosha wali. Akamwaga maji, akatia mengine. Kisha akasema, "Ukimwaga zege, utanimwagia na mimi. Nitakuwa nimekaa humo."

Hakupandisha sauti. Mdogo wangu alitoka nje, akapita karibu na cherehani yangu kama haoni mtu.

Nilitaka kuwa upande wake, ni damu yangu. Lakini nilijikuta nawaza kuhusu lile tundu lililokwenda upande.

Ijumaa, 21 Machi

Matone machache jioni. Harufu ya udongo. Yakakata.

Jumamosi, 22 Machi

Sijui niandikeje ya leo. Nitayaandika kama yalivyokuja.

Asubuhi Mama Brashi alimwomba baba, kama mwenye nyumba, aruhusu familia nzima isogee. Tukamleta baba na kiti chake mpaka ukingoni mwa mtaro. Kile chungu chenye mshono kilikuwa kimefunikwa mdomo kwa bakuli, na bakuli lenyewe limekaa sawasawa, halikuanguka pale kwa bahati. Mama Brashi alikuwa ameshaliondoa akaona kilichomo, akakirudisha. Alitaka kutuambia kabla hatujaona.

Ndani kuna mifupa ya mtoto mchanga.

Alisema kwa upole kwamba si jambo la ajabu. Sehemu nyingi za dunia, zamani, watoto waliokufa wakiwa wachanga walilazwa ndani ya vyungu vya kupikia wakazikwa chini ya sakafu ya nyumba, mara nyingi karibu na meko. Baba akauliza kwa nini. Mama Brashi akafikiri, akasema, "Sijui walikuwa wanawaza nini, mzee. Najua tu walichofanya."

Akaliinua bakuli. Udongo laini, na juu ya udongo mifupa, myembamba kama njiti za kiberiti.

Wifi alikuwa amepiga magoti. Akauliza kama chungu kile kilikuwa kimetupwa, kama walichukua kibovu ambacho hakina kazi tena. Mama Brashi akamwonyesha masizi: yako juu ya mshono, na ndani ya matundu pia. Maana yake baada ya kushonwa kilirudishwa motoni, kikapika tena, siku nyingi. Kama kilikuwa bado kinafaa siku ile, hawezi kuapa. Ila kilikuwa chombo cha watu, hakikuwa takataka.

"Walimpa kitu walichokuwa wanakishika kila siku," wifi alisema.

Ndipo niliposikia mwiko wa kujengea ukianguka. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yetu. Aligeuka, akatoka getini na nguo zake za kazi, na hakurudi mpaka tumeshakula.

Jumapili, 23 Machi

Nyumba kimya. Hata redio hakuna aliyeiwasha.

Jumatatu, 24 Machi

Ni ile siku ya zege. Hakuna zege. Mdogo wangu kaenda kibaruani kwingine bila kuaga.

Jumatano, 26 Machi

Mvua.

Ilianza mchana, bila upepo, bila ngurumo, kama mtu aliyefungua bomba akaondoka. Mama Brashi alikuwa amekwenda kuchukua vifaa vya kuinulia chungu. Alifunika mtaro kwa turubai kabla ya kuondoka, akasema atarudi baada ya saa chache. Kisha akapiga simu: barabara imejaa maji, magari yamesimama, hawezi kufika. Aliomba kama tunaweza, tuzuie maji yasifike pale.

Maji hayakutoka juu. Yalitoka kwenye kichochoro, mlima wote ulio juu yetu ulikuwa unamwaga uani kwetu. Yalipita chini ya geti, yakaingia mtaroni upande mmoja kama yanajua njia. Turubai likawa halina maana.

Nilipotoka jikoni nilimkuta wifi tayari yumo, maji yamefika nusu ya miguu, anayachota kwa beseni na kuyarusha nje. Nikashika ndoo nikaingia. Baba alijikokota mpaka mlangoni, akashikilia fremu kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akawa anatupitishia chochote alichokipata: sufuria, bakuli la kukandia, mpaka birika. Tulichota kwa kila chombo kilichomo ndani ya nyumba ile. Maji yalikuwa yanaingia mengi kuliko tuliyokuwa tunatoa. Wifi alijiweka kati ya maji na chungu, mgongo ukiwa ukuta. Nikamwambia basi, wifi, tutaumwa. Hakunisikia au alikataa kunisikia. Alikuwa anasema kitu, polepole, mdomo wake karibu na chungu, na mimi nilikuwa karibu nikasikia. Alikuwa anasema, "Niko hapa. Niko hapa."

Nikaacha kumwambia basi.

Mdogo wangu alifika ameloa chapachapa. Alisimama getini akaangalia, na nilidhani atatuamuru tutoke. Badala yake alikimbia stoo. Akarudi na mfuko wa saruji begani, akaubwaga chini ya geti. Akarudi tena. Ilikuwa saruji ya chumba cha baba. Saruji ikilowa imekwisha kazi yake, na hakuna anayelijua hilo kuliko mwashi. Aliipanga mifuko yote, mmoja juu ya mwingine, akaikanyaga, mpaka maji yakageuza njia na kuelekea barabarani. Halafu akachukua mabati, yale mapya ya kuezekea, akayalaza juu ya mtaro kutoka ukingo mpaka ukingo, akaingia naye chini yake.

Tukabaki chini ya mabati sisi watatu, tumejikunja, mvua inapiga juu kiasi kwamba huwezi kusikia mawazo yako. Baba alikuwa mlangoni, karibu kiasi cha kutusikia mvua ilipopungua.

Ilipopungua, mdogo wangu alisema, hakumtazama yeyote, "Mimi nilimbeba kwenye boksi."

Wifi akageuka.

"Mtoto. Pale hospitali walinipa boksi la dawa. Hapakuwa na kingine, na mimi sikujua niombe nini. Nilivua shati nikamfunika. Nilimzika na boksi lile. Sikukuambia, maana ungeniuliza alilala ndani ya nini."

Wifi akaweka beseni chini. Kisha akauliza, "Lilikuwa na maandishi?"

"Ndiyo."

"Yanasemaje?"

Mdogo wangu aliyatazama mabati juu yetu. "Weka mahali pakavu."

Sijawahi kusikia mtu akilia vile, na sijui kama nikiite kilio. Kilianza kama kicheko. Alimshika mumewe kwa shingo ya shati na matope yote yale, akalia mle shimoni kwa mwaka mzima ambao hakulia. Naye akalia. Mimi nilikuwa nimebanwa pembeni na ndoo yangu, sina pa kwenda, nikatazama ukuta wa udongo.

Baba alisema kutoka mlangoni, "Na mimi nilikuwa juu, na mbao zimejaa chini ya kitanda."

"Ulikuwa na homa, baba," mdogo wangu alisema.

"Ungeniamsha, mwanangu. Hiyo kazi ningeifanya."

Chungu hakikulowa ndani.

Alhamisi, 27 Machi

Sote tuna mafua. Wifi amenikanda mgongo na dawa ya kuchua. Hakusema mengi, nami sikuyahitaji. Ninavyomwona sasa, si mtu aliyefunga kabati. Ni mtu ambaye hakuna aliyembishia hodi, na mimi nikiwa chumba cha pili.

Jumatatu, 31 Machi

Mama Brashi amefika na vifaa, na kilo ya sukari ya kutushukuru. Chungu kitapelekwa makumbusho pamoja na kilichomo, kama kilivyo. Alikuwa amekuja na boksi la kukibebea, kadibodi safi, nyeupe, ya aina maalumu ambayo haidhuru vitu vya kale. Alilifungua mezani, anatueleza jinsi linavyokunjwa.

Mdogo wangu aliliangalia, akaondoka sebuleni.

Mama Brashi akauliza kama amekosea. Wifi akamweleza. Alimweleza yote, kuanzia hospitali mpaka boksi, kwa sentensi fupi, mikono imekunjwa mapajani. Akamaliza kwa kuuliza kama linaweza kuwa la mbao.

Mama Brashi alivua kofia. Akasema ukweli: mbao nyingine hutoa hewa inayoharibu mifupa, na kule stoo kuna taratibu ambazo si yeye anayezitunga. Hawezi kuahidi yatakayofanyika huko. Lakini kwa safari, atakubali la mbao, na atapigana na wakubwa zake kwa yaliyobaki.

Baba alishauliza vipimo kabla hajamaliza kusema.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua kutwa. Sebule imejaa maranda. Baba hawezi kusimama muda mrefu, kwa hiyo mdogo wangu anapiga randa na baba anamkosoa. Mwashi kwenye mbao, anasema, ni kama ng'ombe kwenye ngazi. Wamecheka. Nimeshona mto wa kulazia chungu, pamba nyeupe iliyofuliwa mara kadhaa kama Mama Brashi alivyoagiza. Nilifumua mshono mmoja uliokwenda upande. Halafu nikauacha ule uliofuata.

Ijumaa, 4 Aprili

Kimeondoka. Mvua ilitupa nafasi asubuhi. Chungu kililala ndani ya sanduku kama kilipimwa, na kwa kweli kilipimwa. Baba alikuwa amelisugua mpaka likawa laini kama shavu. Hakulipaka rangi wala kulichonga maua. Wifi na mumewe walilibeba wao mpaka kwenye gari, kila mmoja upande wake, wakienda pole kwa sababu ya utelezi. Majirani walioona walivua kofia, ingawa hawakujua ni nini, au labda watu hujua tu mwendo ule.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Sare zimekwisha, zimechukuliwa.

Alhamisi, 17 Aprili

Mama Brashi kapiga simu. Sanduku limekubaliwa libaki, baada ya kupimwa mbao zake na kubishaniwa kwenye vikao. Mtunza stoo amelalamika kwamba halienei kwenye rafu. Wamesogeza rafu.

Jumapili, 27 Aprili

Msingi umehamishwa upande wa pili wa jiko, ambako udongo ulichimbwa ukakutwa mtupu. Ile mifuko iliyolowa imekuwa mawe, yenye umbo la mifuko mpaka mikunjo yake. Mdogo wangu ameifukia chini ya msingi mpya. Baba anasema atakayeichimbua siku moja ataumiza kichwa sana, maskini.

Jumanne, 6 Mei

Baba amelala chumbani kwake. Mlango hauna komeo bado. Asubuhi alitoka mwenyewe, kwa fimbo, mpaka mezani, akaketi, akaomba chai kama mgeni hotelini.

Jumapili, 11 Mei

Mvua zimeanza kupungua. Leo jua lilitoka mapema, kali, na uani kukawa na mvuke.

Wifi na mdogo wangu walitoka baada ya chai. Hawakusema wanakwenda wapi, lakini wifi alikuwa amevaa viatu vizuri na mumewe amebeba jembe dogo la bustani na dumu la maji. Wifi hajawahi kupaona alipozikwa mtoto. Siku ile ya mazishi alikuwa bado wodini, na aliporudi hatukumpeleka, na baada ya hapo hakuna aliyejua aanzeje. Niliwaona wakipandisha kichochoro. Yeye alikuwa mbele, kisha akasimama akamsubiri, kwa sababu ni mumewe ndiye anayeijua njia.

Walirudi mchana. Viatu vina udongo mwekundu mpaka vifundoni. Mdogo wangu alikwenda kuoga moja kwa moja. Wifi alivua viatu mlangoni, akaja akaketi kwenye kiti cha wateja, mbele ya cherehani yangu, na kwa muda alitazama tu sindano inavyopanda na kushuka. Nikaacha kukanyaga.

Akaniambia majani yalikuwa yameota mengi, wamepalilia. Akaniambia ni pahali pazuri, pana mteremko, maji hayasimami. Halafu akaniambia jina la mtoto. Walimchagulia jina kabla hajazaliwa, na katika nyumba hii halijatamkwa hata siku moja. Sitaliandika, ni lao.

"Ni jina zuri, wifi," nilisema.

"Litamke basi," alisema.

Nikalitamka. Akanisahihisha kidogo, pale katikati, sauti inapovutwa. Nikarudia, likakaa vizuri. Tukaingia jikoni kupika.